Kukitaja Kifo Si Kukiita

Masomo: 2 Wafalme 20:1-19, Waebrania 2:14-15

  Mlio jikoni mkitayarisha chai, mlio kitandani kwa ugonjwa, nanyi mlio njiani kwenda kazini, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Jioni moja nilialikwa chakula katika nyumba ya Mkristo mmoja. Redio ilikuwa ikisema, na baada ya habari yakaanza matangazo ya vifo. Mama wa nyumba akainuka upesi akaizima. Akasema, "Mchungaji, tusisikilize hayo wakati wa chakula. Watoto wapo." Tukaendelea kula. Lakini niliona watoto wakitazamana. Walijua vizuri yaliyokuwa yakitangazwa, kwa maana jirani yao alikuwa amezikwa juma lile lile. Jambo walilojifunza jioni ile ni moja tu: kwamba wazazi wao wanaogopa.

Watu wa pwani wana desturi ya zamani. Usiku nyoka hatajwi kwa jina lake. Huitwa kamba, asije akasikia akaja. Tukiambiwa hivyo tunacheka. Lakini hebu tusikilize jinsi sisi wenyewe tunavyosema juu ya kifo. Ametutoka. Amelala. Ametangulia. Ameitwa. Amepumzika. Maneno hayo ni mazuri, na mengine yametoka katika Maandiko. Bwana Yesu naye alisema kwamba Lazaro amelala. Lakini wanafunzi walipokosa kuelewa, hakuogopa kuwaambia waziwazi kuwa Lazaro amekufa. Alitumia neno la upole kwa sababu ya tumaini. Sisi mara nyingi tunalitumia kwa sababu ya hofu, kama yule anayemwita nyoka kamba.

Nami leo sisemi kama mtu asiyeogopa. Nitawaeleza habari zangu baadaye. Kwanza na tumtazame mfalme Hezekia.

Hezekia alianza kutawala Yuda akiwa na umri wa miaka 25, akatawala miaka 29. Alipougua alikuwa na miaka kama 39, mtu mwenye nguvu zake, na kazi nyingi mbele yake. Nabii Isaya akaja kitandani pake na ujumbe mzito: atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa kuwa hataishi, atakufa. Mfalme akageuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Sisi twamwelewa. Hata Mungu hakumlaumu kwa machozi yake. Kabla Isaya hajatoka mbali alirudishwa na habari njema: mfalme ataongezewa miaka 15. Wakaleta mkate wa tini wakauweka juu ya jipu, naye akapona.

Mara nyingi tukihubiri habari hii tunaishia hapo, na kanisa lote linasema Amina. Lakini, ndugu msikilizaji, soma mpaka mwisho wa sura. Hezekia alipewa kitu alichoomba, yaani siku. Je, lile neno la kwanza, la kutengeneza nyumba, alilitenda? Wageni wakaja kutoka Babeli, naye akawaonyesha hazina zake zote, fedha na dhahabu na silaha. Isaya alipomwambia kwamba vitu hivyo vitachukuliwa siku moja, na wana wake watahamishwa, mfalme alijifariji kwamba katika siku zake mwenyewe kutakuwa na amani. Na alipokufa, mwanawe Manase aliingia katika ufalme akiwa na umri wa miaka 12 tu. Basi mtoto huyo alizaliwa ndani ya ile miaka 15 ya nyongeza. Huyo Manase alijenga tena mahali pote pa ibada ya sanamu ambapo baba yake alikuwa amebomoa.

Ninajifunza hapa kwamba kuongezewa siku ni jambo moja, na kutengeneza nyumba ni jambo lingine. Sisi tunaomba sana lile la kwanza. La pili tunaliahirisha, kwa sababu mtu akianza kutengeneza mambo yake watu husema, "Huyu anajiitia kifo."

Sasa nije kwa habari zangu. Nilikuwa nimezika watu kwa miaka mingi. Nilijua masomo ya mazishi bila kufungua kitabu. Nilikuwa nimewaambia wajane wengi, "Mama, usilie, mshukuru Mungu," na nilidhani nimewafariji. Kisha mimi mwenyewe niliugua tumboni, na daktari akasema lazima nifanyiwe upasuaji, tena upesi. Akanieleza kwa utaratibu hatari iliyokuwapo. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mtumishi wa Mungu, siogopi." Alipoondoka nilijifunika blanketi hadi kichwani, nikatetemeka kama mtoto. Nilijaribu kuomba, maneno hayakuja. Kama Hezekia, niligeukia ukuta.

Tena, ndugu zangu, niliogopa kwa sababu ambayo ni aibu kuitaja. Nilikuwa nimechukua mkopo, nikaweka hati ya shamba letu kuwa dhamana, na mke wangu hakujua. Nilijiambia kwamba nitalipa kabla hajafahamu. Usiku ule niliona wazi yatakayotokea. Nikifa kesho, watu watakuja kumwimbia na kumwombea, na baada ya mazishi atakuja mtu na karatasi. Hapo ndipo mke wangu atakapojua. Atakuwa amenipoteza mara mbili kwa mwezi mmoja.

Katika kitanda kilichokuwa karibu nami alilala mzee mmoja mkulima, naye pia alikuwa akingoja kupasuliwa. Chini ya mto wake kulikuwa na daftari la shule. Jioni hiyo kijana wake alikuja, na mzee akamwambia aandike. Nilisikia yote, maana vitanda vilikaribiana. "Andika: mwenye kinu cha kusagia ananidai shilingi mia mbili. Andika: yule mtamba mwenye doa jeupe usoni si wangu, ni wa dada yangu, nilimwekea tu. Andika: kitanda na mashine ya kushona ni vya mama yako, asiguse mtu." Kisha akanyamaza kidogo. "Andika na hili. Jirani yetu alipokuwa akifanya kazi pwani, nilisogeza mpaka wa shamba hatua mbili. Nilifanya usiku. Nyasi zimeota hapo, hakuna ajuaye. Mungu amenisamehe, lakini shamba bado liko kwangu. Mrudishieni."

Kijana aliinamisha kichwa akilia. Akasema, "Baba, usiseme hivi. Utapona." Mzee akamwambia, "Nikipona nitamrudishia mwenyewe. Wewe andika."

Kijana alipokwenda, nilimwuliza, "Mzee, huoni kama unajiitia kifo?" Alicheka polepole, kwa sababu tumbo lilimwuma. Akanijibu, "Mchungaji, nimekuwa mkulima tangu ujana. Kila kiangazi tumeitaja mvua asubuhi na jioni, nayo haikuja kwa sababu tumeitaja. Basi mbona kifo kije kwa sababu nimekitaja?" Halafu akaniuliza swali moja tu: "Wewe umekwisha sema na watu wako?"

Sikulala usiku ule. Alfajiri nilimwomba sista aniitie mke wangu kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji. Akaja mbio akidhani nimezidiwa. Nikamweleza habari za mkopo na hati, yote, na jumla ya deni. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba watoto, siku hizi zote nilijua kuna kitu kinakula moyo wako, ila sikujua ni nini. Sasa ni letu sote wawili." Akanishika mkono, akaomba yeye. Nataka mjue kwamba hofu yangu haikuisha yote. Lakini iligeuka. Kabla ya hapo niliogopa kama mwizi anayesikia hodi mlangoni. Sasa niliogopa kama mtoto anayevuka mto wenye maji mengi, baba yake akiwa amemshika mkono.

Mungu alipenda nikaamka. Deni lilitusumbua miaka mitatu, tukalimaliza pamoja. Na yule mzee je? Huenda mnadhani nitasema alikufa. Hapana. Alipona, akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Alikwenda kwa jirani akang'oa ule ua mbele yake, akaurudisha mahali pake. Aliishi miaka minne zaidi. Nilipokwenda kumzika, jirani huyo alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu mzee alinirudishia hatua mbili za shamba ambazo sikujua nimepotewa nazo. Tangu siku ile nilikuwa na ndugu." Wanawe walisoma lile daftari, haikupita robo saa, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Wapendwa, kitabu cha Waebrania, sura ya pili, kinatueleza sababu ya Mwana wa Mungu kuvaa mwili kama huu wetu. Kinasema alikufa ili amshinde yule mwenye nguvu za mauti, na kuwaacha huru watu ambao maisha yao yote walikuwa watumwa kwa kuogopa kufa. Angalieni neno hilo, watumwa. Si wakati wa kufa tu, bali maisha yao yote. Mtu anaweza kuwa na afya njema, anakula vizuri, anaimba kwaya, na bado kila siku ni mtumwa wa hofu hiyo. Kwa sababu ya hofu hasemi na mkewe juu ya mambo ya nyumba. Kwa sababu ya hofu hamtembelei rafiki aliye mgonjwa sana, asije akakosa la kusema. Kwa sababu ya hofu anampeleka mzazi wake kwa mganga huku na huku, akiuza mbuzi na miti, akimtafuta mtu aliyemroga, wakati ambapo mzazi alitaka tu kukaa na watoto wake na kuagana nao. Wahenga walisema, mwenda kwao si mtumwa. Mkristo ni mwenda kwao. Haimpasi kutembea njia yote akiwa na minyororo.

Nami sisemi kwamba tusilie. Nimeacha kuwaambia wajane wasilie. Bwana Yesu alimlilia Lazaro, ingawa alijua atakalotenda baada ya dakika chache. Mtume Paulo anakiita kifo adui, tena adui wa mwisho, katika 1 Wakorintho 15. Adui hatuwezi kumwita rafiki. Lakini huyu ni adui aliyekwisha shindwa, na adui aliyeshindwa mtu anaweza kumtaja jina bila kunong'ona.

Hapa kwetu Kenya kuna kaburi moja ambalo linatufundisha jambo hili. Liko Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, si mbali na Freretown ambapo watumwa walioachwa huru walipewa makao katika miaka ya 1870. Aliyezikwa hapo ni Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamshika. Mumewe naye alikuwa mgonjwa wa homa hata kuinuka ilikuwa taabu. Rosine alijua kwamba anakufa, wala hakuficha. Aliwaombea jamaa zake, akaiombea kazi, akawaombea watu wa pwani hii pamoja na mtawala wao. Akasema pia anataka azikwe bara, si kisiwani, ili wapitao njia wakumbuke jambo lililomleta huku. Akafa, na mtoto akamfuata baada ya muda mfupi.

Ingekuwa sisi, pengine tungesema safari hiyo ilikuwa na laana, turudi. Krapf alilia, kisha akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa pambano limeanza katika nchi hii. Aliendelea na kazi ya kujifunza lugha. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka wa 1882, yeye mwenyewe akiwa amekufa mwaka uliotangulia. Hakuiona kitabuni. Kazi ya mtu aliyetengeneza nyumba yake haifi pamoja naye.

Basi tufanye nini? Sitaki mzime redio mkisema, "Mchungaji amesema vizuri," halafu iwe basi. Mtu akifa kwetu, kamati ya mazishi huundwa jioni ile ile. Mwenyekiti anapatikana, mweka hazina anapatikana, gari linapatikana. Je, kwa nini mambo ya mtu aliye hai hayapati hata saa moja?

Kwanza, tengeneza mambo yako na Mungu. Usiseme utatubu utakapougua. Mimi niliyekuwa mchungaji nilipougua, maneno ya kuomba hayakunijia. Tubu leo, ukiwa na nguvu za kusimama.

Pili, tengeneza mambo yako na watu. Kuna mtu umeacha kumsalimu. Kuna deni unalolijua wewe peke yako. Kuna hatua mbili za mpaka. Usiwaachie watoto wako wafukue hayo baada yako.

Tatu, tengeneza mambo ya nyumba. Baba, mke wako ajue hati ziko wapi, akiba iko wapi, na nani anakudai. Mama, nawe vivyo hivyo. Sheria ya Urithi ya nchi yetu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia. Autie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao, na ni vema mashahidi hao wasiwe miongoni mwa watakaorithi. Wosia wa mdomo pia hukubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini mtu akiishi zaidi ya miezi mitatu tangu siku ile, kwa kawaida maneno hayo huwa hayana nguvu tena. Kwa hiyo andika. Kuandika wosia si kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, katikati ya maumivu yake, alimkumbuka mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Kama yeye aliyekuwa akibeba dhambi za ulimwengu alipata nafasi ya kutengeneza jambo la nyumba, mimi na wewe tutasema hatuna nafasi?

Na kwenu mlio na wagonjwa: mzee akitaka kusema juu ya kufa kwake, msimnyamazishe. Msimwambie, "Usiseme hivyo, utapona." Kaeni chini. Msikilizeni. Ombeni pamoja naye. Huenda ndilo jambo la mwisho anawaomba.

Nilianza na desturi ya kutomtaja nyoka. Mnakumbuka wana wa Israeli jangwani, katika Hesabu 21, walipoumwa na nyoka wakafa wengi. Mungu hakuwaambia wafumbe macho. Alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, amweke juu ya mti, na kila aliyeumwa alipomtazama aliishi. Bwana Yesu akasema kwamba naye atainuliwa vivyo hivyo. Msalabani tunakiona kifo chetu, wazi, bila kukibadilisha jina, na papo hapo tunamwona yeye aliyekibeba. Anayetazama hapo anaweza kurudi nyumbani leo jioni, akakaa na watu wake, akasema nao yale ambayo ameyaficha.

Na tuombe.

Bwana Mungu wetu, siku zetu zi mikononi mwako, nasi hatujui hesabu yake. Utusamehe kwa kuishi kana kwamba hazina mwisho. Wakumbuke wasikilizaji wetu walio wagonjwa asubuhi hii, na hasa wale wanaogeukia ukuta. Wafariji waliofiwa, usiwakataze machozi yao. Mpe ujasiri yule ambaye ana neno la kumwambia mkewe, au mumewe, au ndugu yake, naye amekuwa akingoja siku nyingine. Tuweke huru na utumwa wa hofu, kwa ajili ya Mwanao aliyekufa na kufufuka, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, wapendwa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo wakati kama huu. Kwaherini.